Meli Iliyofika Salama

Ilikuwepo nchi moja, na nasikia ingalipo, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe hubadilishwa kila baada ya uchaguzi, na asubuhi hii sijasikiliza redio nikajua leo tunaitwaje. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani nyingi mno, kiasi kwamba raia wake wengi hutamani kwenda kuishi kwingine ili wawaachie wenzao nafasi ya kuifaidi.

Mimi ni Mwongozaji wa Wageni, Daraja la Pili, katika Meli ya Urithi wa Taifa. Nina sare ya bluu, kofia yenye picha ya nanga, na filimbi. Filimbi ni ya kuwaonya wageni wanaoanza kulia kabla hawajafika katika sehemu iliyotengwa kwa ajili ya kulia.

Meli yetu ni nakala. Hilo huwa nalisema mwanzo, katikati na mwisho wa matembezi, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kwenye semina. Ni nakala ya meli halisi iitwayo Heri ya Kesho, iliyoondoka hapa hapa bandarini miaka michache nyuma ikiwa imebeba vijana wetu.

Serikali ilikuwa imegundua kwamba vijana hawana kazi. Ikagundua pia kwamba kazi zipo, ila ziko ng'ambo. Ikaunganisha ugunduzi wa kwanza na wa pili, ukazaliwa Mpango wa Kuvuna Matunda ya Mbali. Ikanunuliwa meli iliyokuwa imestaafu kubeba saruji, ikapakwa rangi upande ule unaoonekana na wapiga picha, na vijana wakaingizwa tumboni mwake mpaka mlango ukagoma kufunga. Siku ya kuondoka, familia hazikuruhusiwa kufika gatini. Sababu ilikuwa ya kiusalama: machozi ya watu wengi kwa pamoja yangeweza kufanya sakafu iteleze. Badala yao alikwenda Waziri wa Kazi wa wakati huo, Mheshimiwa Sifuni Lukwaro, pamoja na bendi ya polisi, akawapungia vijana mkono peke yake mpaka ukamuuma.

"Nimewasindikiza kwa niaba ya kila mama na kila baba wa taifa hili," alisema redioni jioni ile. "Asiseme mtu kwamba mwanawe hakusindikizwa. Nimewasindikiza mimi."

Tulimpigia makofi. Baada ya hapo habari za vijana zikakatika. Hapakuja simu, hapakuja ujumbe. Kina mama walipoanza kuuliza, serikali ikatoa tamko kwamba meli ilifika salama, na kwamba vijana hawapigi simu kwa sababu wana furaha, na mtu mwenye furaha hana muda. Kila mwaka sasa tunaadhimisha Siku ya Furaha ya Walio Mbali. Kina mama hugawiwa kanga zilizoandikwa YUKO SALAMA ANAKULA, nao huzifunga viunoni kwenda kuteka maji.

Nyumbani kwetu tunazo mbili. Dada yangu Nuriati naye ana furaha sana.

*

Lazima niwaeleze jambo moja la desturi yetu, maana wageni huniuliza. Mtu wa kwetu anapokwenda safari ndefu hujitengenezea jozi ya viatu. Cha kulia hukitia kwenye mzigo wake, cha kushoto hukiacha nyumbani. Siku akirudi, mama yake humtolea kile cha kushoto mlangoni, akavaa vyote viwili, akaingia ndani. Hapo ndipo huhesabiwa amerudi. Mama akipita karibu na bandari kwa shughuli yoyote, hata ikiwa ni kununua dagaa, hukibeba kile kiatu kifuani, maana huwezi kujua.

Na kama msafiri amekufa, yupo mtu mmoja tu anayeweza kuleta habari, naye ni yule aliyemsindikiza. Ndiye aliyemtoa, ndiye amtaje. Husimama mbele ya mama akasema kwa jina, mbele za watu, kwamba fulani niliyemsindikiza hatarudi, kiatu kikazikwe. Mpaka maneno hayo yatamkwe, matanga hayawekwi, na mama haruhusiwi kulia hadharani. Habari ya redio haihesabiwi. Tetesi za sokoni ndiyo kabisa.

Wataalamu wa Wizara wameieleza desturi hii kuwa ni kikwazo cha maendeleo. Hata hivyo wameitengea kabati la kioo.

*

Mheshimiwa Lukwaro alipohamishiwa Wizara ya Urithi na Furaha, alitangaza kwamba kuhama nchi kumekwisha, sasa ni historia, na historia lazima iingize watalii. Akaagiza ijengwe nakala kamili ya Heri ya Kesho. Zabuni alipewa shemeji yake, mtu mwepesi wa kazi, ambaye hajawahi kujenga hata ngalawa.

Watu walitabiri kwamba mradi ungechukua miaka. Shemeji akatoweka wiki chache tu, akarejea na meli nzima vipande vipande juu ya malori, imefunikwa maturubai. Tulishangilia. Mafundi wakaiunganisha juu ya msingi wa zege kando ya bahari, na sisi waongozaji tukaitwa kuitazama.

Sijapata kuona nakala iliyofanywa kwa uangalifu namna ile. Chuma kilikuwa na kutu mpaka ndani. Chini ya tumbo palikuwa na chaza waliogandamana kama kweli. Ubavuni palikuwa na tundu kubwa ambalo tuliambiwa ni dirisha la kisasa, na kingoni mwa tundu hilo chuma kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, kwa ajili ya kuruhusu hewa. Kwenye dari ya chumba cha chini, karibu na mlango, mafundi walikuwa wamechora mikwaruzo mingi myembamba, mitano mitano, kama ya kucha.

"Utafiti," alisema Nahodha Kapungu alipoona nimeikodolea macho. "Hii ndiyo tofauti ya utafiti na kubahatisha."

Nahodha Kapungu ndiye mkurugenzi wetu. Cheo cha nahodha alipewa na Wizara, ingawa hajawahi kupanda chombo chochote, na ana ugonjwa wa kichefuchefu unaomshika hata meli ikiwa juu ya zege. Hutembea na mfuko wa plastiki mfukoni. Namheshimu sana.

*

Matembezi yenyewe huenda hivi. Mgeni akifika hupewa tiketi ya mhamaji na kuvishwa jaketi la kuokolea maisha. Meli halisi haikuwa na jaketi hata moja, lakini nakala, kwa kuwa haiendi popote, sheria inataka kila anayeipanda alindwe. Kisha sisi humpeleka chini, tukawasha feni za upepo na kaseti ya mawimbi. Kwaya ya taifa imerekodi kilio cha kuaga katika sauti nne. Baada ya hapo mgeni huchagua: anaweza kulia kidogo katika sehemu iliyotengwa, au kwenda moja kwa moja kwenye Mgahawa wa Njaa, ambako kuna biskuti ngumu za wahamaji na juisi ya ukwaju. Mlango wa kutokea unapitia duka la sabuni zenye umbo la meli. Ukizilowesha zinayeyuka, na wageni huchekea hilo.

Siku moja alikuja kijana mmoja na begi, godoro na sufuria. Akaketi chini kule, akajikunja. Muda wa kufunga ulipofika nikamwambia hii ni meli ya maonyesho, haiondoki.

"Najua kaka," akanijibu. "Lakini hata nchi yenyewe haiendi popote, mbona hamjatushusha?"

Nilipuliza filimbi. Nahodha akaagiza godoro lake libaki, kwa sababu liliongeza uhalisia.

*

Bi Mashavu alikuja siku ya kiingilio cha bure kwa kina mama. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, muuza mihogo ya kukaanga kule Mtaa wa Kiwandani, mwenye kanga ile ile ya YUKO SALAMA ANAKULA. Nilimvisha jaketi. Alishuka ngazi taratibu, akasikiliza kilio cha kwaya mpaka mwisho, akasema wamekosea wimbo.

Kisha tukafika kwenye kabati la kioo. Ndani yake mna kiatu kimoja cha kulia, katambuga ya tairi, chenye mkanda mwekundu uliopauka. Kibao chake kinasema: KIATU CHA MHAMAJI (NAKALA).

Alisimama pale muda mrefu. Wageni wengine wakapita, nami nikawa namsubiri kwa adabu. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa katambuga ya kushoto.

"Mwanangu," aliniambia, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "hebu sogea uone. Hizi alizikata marehemu mume wangu pamoja na mwanawe, Hamduni. Tairi la trekta. Lilikuwa limepasuka likashonwa kwa waya wa shaba. Alipokata, mshono ukapita katikati ya viatu vyote viwili, nusu huku na nusu kule. Hamduni akasema ni vizuri, hakuna mtu atakayemwibia kimoja."

Akakiweka kiatu chake juu ya kioo, sambamba na kile cha ndani. Mshono wa waya ulitoka kwenye kimoja ukaingia kwenye kingine bila kukatika. Cha kwake shaba iling'aa, maana alikuwa akiisugua kwa majivu kila Ijumaa. Cha ndani ilikuwa imegeuka kijani.

Nilitazama kimoja, nikatazama cha pili. Nikasema lile neno tulilofundishwa.

"Hii ni nakala, mama."

"Nani alikuja kwangu kupima akatengeneza nakala?"

Nikamwita Nahodha.

*

Nahodha Kapungu alilitazama jambo lile kwa pande zote, akatapika kidogo, kisha akampongeza. Alisema kufanana kwa viatu ni ushahidi wa ubora wa mafundi wetu.

"Basi kama ni nakala, nipeni," akasema Bi Mashavu. "Nakala haina thamani. Mtatengeneza nyingine."

"Haiwezekani, mama. Ni mali ya urithi."

"Basi ni cha kweli."

"Sikusema hivyo!"

"Baba, mimi sitaki ugomvi. Kama ni cha kweli, mwanangu alikuwa humu. Na kama alikuwa humu, meli hii ndiyo ile, na hilo tundu ubavuni si dirisha. Niambieni tu. Nikishaambiwa nitakwenda nyumbani nikae chini nilie. Nimechoka kuwa na mtoto mwenye furaha."

Likaundwa jopo. Wataalamu watatu wa Wizara wakaja na miwani, wakakaa kikao katika Mgahawa wa Njaa, wakala biskuti zote. Walikuwa kwenye hali ngumu, na niliwahurumia. Wakisema kiatu cha kabatini ni cha kweli, itabidi waseme kilifikaje. Wakisema ni nakala, mama atauliza iweje nakala iungane na cha kweli. Mwisho wakatoka na uamuzi wa pamoja, kwamba kiatu cha kabatini ni nakala, na kiatu cha Bi Mashavu nacho ni nakala, isipokuwa yeye hakuwa na taarifa.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi ni nakala ya nani?"

Mwenyekiti wa jopo akamwambia hilo liko nje ya hadidu za rejea.

*

Tangu siku ile Bi Mashavu alikuja kila asubuhi, akatandika kanga yake mbele ya kabati, akaketi na kiatu mapajani. Hakupiga kelele, wala hakulia, maana kwa desturi hakuwa na ruhusa. Alikaa tu. Nahodha alitaka afukuzwe, lakini watalii walimpenda. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Walipiga naye picha, wakamsifu kwa kutokuwa na makeke kama wasanii wengine. Mapato yakapanda, na Nahodha akaamuru awekewe taa ya kumulika.

Mchana nilikuwa nikimpelekea chai. Siku moja akaniuliza kama kwetu kuna kiatu.

"Kipo kimoja, mama. Cha dada yangu. Kiko juu ya kabati."

"Mama yako yu hai?"

"Alifariki mwaka jana."

"Basi anayesubiri ni wewe," akasema, akanywa chai yake.

Sikulala vizuri usiku ule, lakini naamini ni kwa sababu ya joto.

Wanawake wengine wakaanza kuja. Mmoja aliona, kimenasa kwenye chuma cha ukutani, kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Mwingine hakutambua chochote, alikaa tu karibu na mikwaruzo ya darini akaishika kidole kwa kidole. Wote walikuwa na kiatu cha kushoto vifuani. Nahodha akawahesabu kuwa ni wasanii wa kujitolea.

*

Kisha ikaja siku kubwa. Wageni mashuhuri kutoka nchi ile ambako meli ilikuwa inakwenda walikuja kutupa tuzo ya Maonyesho Bora ya Huzuni. Zulia likatandikwa mpaka chini kabisa ya meli. Runinga ya taifa ikaja kurusha moja kwa moja. Mheshimiwa Lukwaro akawasili na jaketi la kuokolea maisha lililoshonwa kwa kipimo chake, akahutubia.

"Ndugu wageni! Nchi nyingine zina makumbusho ya wafalme. Sisi tuna makumbusho ya wananchi wa kawaida, ambao kwa hiari yao walikwenda kufurahi mbali! Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, niliwasindikiza. Niliwapungia mpaka daktari akanifunga bandeji!"

Makofi. Wageni wakasogea kwenye kabati. Bi Mashavu akainuka, akajifuta magoti, akasimama mbele ya Mheshimiwa.

"Ni wewe uliyewasindikiza?"

Mheshimiwa akamgeukia Nahodha. Nahodha, mfuko wa plastiki mkononi, akamnong'oneza kwamba huyu ndiye msanii wetu maarufu, na kwamba wageni wanalipenda sana igizo lake. Uso wa Mheshimiwa ukachangamka. Hakuna kitu anachokipenda kama kushiriki.

"Ndimi, mama yangu!" akasema kwa sauti ya kamera. "Ndimi niliyewasindikiza!"

"Basi niletee habari."

"Maneno yangu ni yapi?" aliuliza kwa chini, akitabasamu.

Bi Mashavu akamtajia, neno kwa neno, kwa subira. Mheshimiwa akakohoa, akanyoosha jaketi, akaweka mkono kifuani.

"Bi Mashavu!" akanguruma, na chuma cha meli kikaitikia. "Mwanao Hamduni, niliyemsindikiza mimi, hatarudi! Kiatu chake kikazikwe!"

Wanawake wote waliokuwa nyuma wakapiga ukelele. Haukuwa ule wa kwaya. Ulitoka chini kabisa na haukuwa na sauti nne, na mimi nikasahau filimbi. Wageni mashuhuri walipiga makofi kwa kusimama, mmoja wao akifuta machozi. Nchi nzima ilikuwa inatazama.

"Nimepokea," akasema Bi Mashavu. "Sasa nipe changu nikamzike."

"Mpeni kiatu chake!" Mheshimiwa akaamuru kwa ukarimu mkubwa, macho yakiwa kwa kamera.

Ufunguo wa kabati huwa ninao mimi. Sikumtazama Nahodha. Nilifungua, nikatoa kiatu kwa mikono miwili, nikampa. Aliviweka viwili vile juu ya zulia, sambamba, na mshono wa shaba ukaungana, kijani upande huu, unaong'aa upande ule. Hapo ndipo Mheshimiwa alipoinamisha macho, akaona.

Aliona tundu la ubavuni pia. Akatazama dari. Sijui shemeji yake alikuwa amemwambia kiasi gani, na sitaki kumsingizia kiongozi, lakini tabasamu lilibaki usoni mwake peke yake, kama limesahauliwa pale. Bi Mashavu akavifunga viatu kwa ncha ya kanga, akaketi palepale chini, na hatimaye akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtu aliyeruhusiwa kunywa maji.

Mheshimiwa akageuka aondoke. Mbele yake alikuwa amesimama mwanamke mwingine, na kiatu mkononi.

"Ni wewe uliyewasindikiza?"

Kamera zilikuwa zinawaka. Wageni walikuwa wanasubiri onyesho liendelee. Mheshimiwa akazigeukia kamera.

"Ndimi," akasema.

"Basi niletee habari. Anaitwa Shekue."

Alisema. Safari hii hakunguruma. Akaja wa tatu, na wa nne, na mstari ukapanda ngazi mpaka nje, maana waliokuwa wakitazama runinga majumbani walikuwa wameshatoka mbio na viatu vyao. Kila jina alilolitaja sauti yake ilipungua, mpaka ikabidi mama husika amsogezee sikio. Wageni mashuhuri waliacha kupiga makofi. Mmoja wao alivua jaketi lake la kuokolea maisha, akawa hajui aliweke wapi.

Nahodha Kapungu alinishika bega. "Puliza filimbi! Puliza! Muda wa matembezi umekwisha!"

Kazi yangu ni nzuri na ina pensheni. Nilimpa filimbi apulize mwenyewe, nikapita mlango wa duka la sabuni, nikakimbia nyumbani na kofia yangu ya nanga. Kiatu kilikuwa juu ya kabati pale pale alipokiacha mama. Kilikuwa na vumbi. Nikakifuta kwa kanga yake.

Niliporudi nilisimama mwisho wa mstari kama raia mwingine yeyote. Giza lilikuwa limeanza kuingia nilipofika mbele. Mheshimiwa alikuwa ameketi kwenye ngazi. Aliitazama sare yangu, kisha kiatu, kisha sare tena.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, Mheshimiwa," nikasema. "Anaitwa Nuriati."